Seremala Asiyeweka Jeneza la Akiba

Mimi nauza chai, na nasema mapema ili mtu asije akanidhania wakili. Naitwa Mildred, kwetu ni upande wa Kenya, na kila asubuhi navuka mpaka na jiko na masufuria yangu hadi Sofia, Busia ya Uganda, ambako nakaa pembeni ya karakana ya Odoi seremala. Nimeuza chai hapo mpaka siku hizi namjua mtu kwa jinsi anavyoshika kikombe. Kuna anayekunywa huku anakutazama usoni, kuna anayekunywa kama anafukuzwa, na kuna anayerudisha kikombe bila kuona kwamba kuna binadamu aliyempa. Wa namna hiyo ya mwisho siwapendi, na sijawahi kulificha hilo.

Odoi alikishika kwa mikono miwili, mgongo ukutani, macho barabarani. Mtaani walimwita Afande, nusu kwa heshima nusu kwa utani, maana alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa seremala. Ni Mjapadhola wa vijiji vya Tororo, lugha yao ni ndugu na Kijaluo changu. Alijiunga na jeshi akiwa kijana asiye na ndevu, kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, alitamani viatu. Viatu alipata. Vilimpeleka Kongo, na Kongo ikamrudisha na nyonga mbovu inayoburura mguu wa kulia, na usingizi wa kukaa. Ndiyo, alilala amekaa. Mke alivumilia kwa muda, kisha akarudi kwao, na mimi simlaumu. Ni vigumu kulala karibu na mtu anayeshika lindo nyumbani kwake.

Useremala alijifunzia Malaba kwa mjomba wake, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko mdomo. Milango yake haikwaruzi sakafu hata mvua zikivimbisha mbao. Mabenchi ya kanisa moja kule Buteba ni yake, na waumini husema wanasinzia vizuri juu yake, sifa ambayo mchungaji hakuipenda. Alitengeneza vitanda, makabati, viti vya harusi. Na majeneza.

Hapo kwenye majeneza ndipo watu walipomcheka. Nenda Malaba ukaone: mafundi wamesimamisha majeneza kando ya barabara, makubwa kwa madogo, yamepakwa vanishi yanang'aa, madereva wa maloli wanayaangalia wakiwa kwenye foleni. Ukifiwa unachagua, unabeba, unakwenda. Kwa Odoi hukuti hata moja. Hakugusa ubao wa jeneza mpaka mtu awe amekufa kweli, na aletewe kamba.

Kamba hiyo ni desturi ambayo wengi wameiacha. Mtu akifa, ndugu anachuna unyuzi wa mgomba wa boma la marehemu, anausokota, anampima kutoka kichwani hadi kisiginoni, anafunga fundo upande wa kichwa. Seremala anapima kwa kamba ile, halafu anaificha chini ya kitambaa ndani ya jeneza, iende na mwenyewe. Hataki kubaki na kipimo cha mtu karakanani. Na kabla mwili haujaingia, jeneza huletwa tupu nyumbani, wazee wa ukoo wakasimama, mtu akalazwa humo mbele yao. Likimkataa, likiwa fupi au jembamba, mazishi husimama. Watu hukaa chini na kuulizana marehemu ana neno gani.

"Afande, wenzako wanauza, wewe unangoja matanga," nilikuwa nikimtania.

"Wacha ningoje," alikuwa akijibu.

Sababu aliniambia alasiri moja ya mvua, wateja hakuna, tumejibanza chini ya bati lake. Kule Kongo alipotezana na wenzake, akashikwa na watu wa msituni wenye bunduki. Hakujua ni wa nani, na nadhani wao pia hawakujua. Wakampa sepetu, wakamwambia achimbe shimo la taka. Akachimba vizuri, kwa sababu Odoi hajui kufanya kitu vibaya. Shimo lilipokwisha wakaletwa wanakijiji.

"Shimo ilikuwa tayari," aliniambia. "Watu walikuwa bado wazima, wanaongea. Mimi nilinyamaza. Ndiyo maana niko hapa nakunywa chai yako."

Nikamwongezea chai. Tangu siku hiyo sikumtania tena juu ya majeneza.

Sasa nifike kwa Emmy. Alikuja Jumatano asubuhi kwa gari safi, shati jeupe, viatu vyenye ncha. Ni mwanamume wa Dabani, kijiji cha jirani, aliyekulia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kila mwanamume kwake ni ssebo, yaani bwana. Alikunywa chai yangu na kurudisha kikombe bila kunitazama.

"Ssebo, mama yangu amekufa," akamwambia Odoi. "Nataka sanduku ya mvule, na dirisha ya kioo kwa uso. Wageni wangu ni watu wakubwa."

"Pole sana," Odoi akasema. "Kamba iko wapi?"

Emmy akatoa mfukoni kamba ya nailoni, ile ya kufungia magunia. Odoi akaigeuzageuza.

"Hii si ya mgomba."

"Mama iko mochari Tororo, ssebo. Huko mgomba nitatoa wapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Odoi alisita, akatazama shati jeupe, akatazama kamba. Mtu mzima hadanganyi kifo cha mama yake, ndivyo tulivyolelewa wote, upande huu na ule. Akachukua msumeno. Mimi nikainama kupuliza makaa, kwa hiyo sikuuliza mama mwenyewe ni nani mpaka gari lilipoondoka.

"Mama Nasirumbi wa Dabani," Odoi akasema. "Yule mrefu."

Nikaacha jiko nikainuka. "Nasirumbi gani? Yawa, Odoi! Nasirumbi muuza njugu? Mimi nimenunua njugu kwake leo asubuhi. Hizi hapa!" Nikamshikisha mfuko. "Amenipunja kama kawaida, na akacheka."

Odoi aliweka msumeno chini polepole. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeshakatwa. Alizitazama jinsi mtu anavyotazama nyoka aliyeingia nyumbani, bila kutikisika, kisha akakaa sakafuni katika vumbi la mbao na kusema, "Imekuwa tayari tena, Mildred."

Nani asiyejua kilichokuwa Dabani? Shamba la Nasirumbi linapakana na barabara. Wanunuzi walikuwa wanalitaka liwe maegesho ya maloli, na bibi alikataa mbele ya mashahidi, akasema mumewe amelala humo na hatahamishwa na matairi. Emmy, ambaye kwa miaka alikuwa haji hata Krismasi, ghafla amerudi kumtunza mama. Mimi si polisi, lakini nina macho.

Kesho yake tulikwenda. Odoi alinunua sukari, kwa sababu huendi kwa mtu mzima mikono mitupu, na nilifunga jiko langu mapema nikapanda boda nyuma yake. Tulimkuta Nasirumbi uani, amenyoosha miguu yake mirefu kwenye mkeka, anabambua njugu.

"Mulembe, wanangu! Muuza chai leo umenifuata mpaka nyumbani? Nilikupunja sana?"

"Sana, mama," nikasema.

Alikuwa mzima, ila amepungua. Nilimwona Jumatano sokoni amekaa nyuma ya njugu zake, sikugundua. Hapa niliona mifupa ya mabega. Msichana wa kazi, Proscovia, alipokea sukari akaingia nayo jikoni. Bibi alikuwa na furaha ambayo ilinitia hofu kuliko ugonjwa.

"Mwanangu amerudi," akatuambia. "Uji wangu anapika yeye mwenyewe. Mwanamume wa Kampala, anakoroga uji! Hata Proscovia haruhusiwi kushika sufuria."

"Unapata nguvu, mama?" Odoi akauliza.

"Tumbo linanisumbua. Ni uzee."

Odoi alizungukazunguka maneno mpaka nikatamani kumfinya. Mwishowe akasema, "Mama, kwa nini usiende Tororo, kwa binti yako Nerima, ukae kidogo? Mimi nitatafuta gari."

Bibi alimtazama kwa mshangao. "Nimwache mtoto wangu, aliyeacha kazi yake kuja kunitunza? Watu watasema nini? Afande, wewe huna mtoto. Hujui."

Ungemwambiaje? Niambie wewe, kama unajua. Unamkalia mama mtu uani kwake, unakula njugu zake, unamwambia mwanao amekupima ukiwa usingizini? Nilifungua mdomo, nikaona uso ule unavyong'aa, nikaufunga. Tuliporudi tulipita kwa mwenyekiti wa kijiji. Alitusikiliza vizuri, akacheka kwa upole, akasema mtu kujiandaa mapema si kosa, na kwamba watu wa Sofia tunapenda maneno.

Ijumaa Odoi alirudi kwenye mbao, na niliona anazikata upya. Nilimuuliza kama amerukwa na akili, amalizie jeneza la mtu aliye hai.

"Nikikataa ataenda Malaba, atapata leo leo," akasema. "Hii nakata fupi. Shubiri mbili pungufu. Akipima ataona, atairudisha, mimi nitachelewesha, nitasema mvule imeisha, nitasema naumwa. Siku ni siku. Na kama hapimi, wazee wataona. Sanduku itamkataa, watakaa chini, watauliza."

Ulikuwa mpango wa mtu anayeamini desturi. Sikuwa na mwingine bora. Nilimshikia ubao.

Emmy alikuja kulichukua jioni. Odoi alisimama mlangoni, mguu mbovu mbele.

"Mama yako ni mzima," akamwambia.

Nilitegemea aruke, akane. Badala yake alitabasamu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Kweli, ssebo, nilidanganya. Lakini kosa ni yako. Wewe una masharti, hufanyi kazi mpaka mtu amekufa. Mama ni mzee, mimi nataka kujiandaa, na wewe ndiye fundi mzuri. Ningesema nini?" Akapapasa vanishi kwa kidole. Akaweka pesa juu ya meza ya randa. Kisha, akiwa tayari anaingia garini, akageuka kwetu wote wawili. "Nasikia mlikuja nyumbani. Asanteni kwa sukari."

Alisema kwa adabu kabisa. Hakupima jeneza.

Wiki iliyofuata tulimfuatilia bibi, mimi na Odoi. Kila nilipovuka asubuhi nilipita kwanza mahali pa njugu sokoni. Siku ya kwanza hakuwepo. Ya pili mahali pake palikuwa pamekaliwa na muuza nyanya. Odoi alikwenda Dabani tena, akakuta lango limefungwa, akaambiwa na Proscovia kupitia dirishani kwamba mama amelala na hataki wageni. Mimi nilipiga simu kwa Nerima, nambari niliyoitafuta kwa watu, na dada yule alisema ataenda mwisho wa mwezi, akipata ruhusa kazini. Nilimwambia mwisho wa mwezi ni mbali. Akaniuliza mimi ni nani.

Nasirumbi alikufa Ijumaa.

Siku ya mazishi maturubai yalijaa uwanja mzima. Wageni wakubwa walikuja kweli, na magari yao yaliegeshwa katika shamba lenyewe, juu ya majani ya njugu. Odoi alivaa koti lake la heshima, tukasimama nyuma tukisubiri jeneza tupu liletwe. Halikuletwa. Lilikuja limejaa, limefungwa, nyuma ya gari la kukodi kutoka mochari. Emmy alikuwa ameshawaambia wazee kwamba siku hizi ndivyo inavyofanyika, kwa ajili ya afya, na wazee walikubali kwa sababu chakula kilikuwa tayari na mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Tororo.

Tulipanga mstari kumuaga. Watu walipita, wakachungulia kiooni, wakalia, wakasogea. Nerima alikilalia kioo mpaka wakamwinua. Ilipofika zamu yetu nilitazama. Uso ulikuwa wake, umeoshwa vizuri, kilemba kipya. Ila kidevu kilikuwa kimekaa kifuani, kama mtu anayetafuta kitu mapajani mwake. Odoi hakusogea. Aliweka kiganja ubavuni mwa jeneza.

"Wamemkunja," akasema.

Alisema tena, kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya gwaride. "Fungueni hii sanduku! Huyu mama haingii hapa. Mimi ndiye nilitengeneza, najua. Wamemkunja miguu. Fungueni, ukoo uone, halafu mwite daktari aseme nini kilimuua."

Mchungaji alishusha Biblia yake. Wazee wawili waliinuka vitini, na kwa muda mfupi niliamini, Mungu wangu, niliamini kwamba itakuwa.

Emmy alikuja mbele bila haraka. Hakumfokea. Aliugeukia umati.

"Wote mnamjua fundi Odoi," akasema. "Mnajua masharti yake. Hashiki mbao mpaka mtu amekufa. Si ndiyo?"

Watu wakaitikia kwamba ndiyo.

"Basi mwulizeni. Sanduku ya mama yangu alimaliza lini?"

Kila jicho likamwangukia Odoi. Nilimvuta koti. Nilimnong'oneza kwa Kiswahili na kwa Kijaluo aseme jana, aseme leo asubuhi, aseme chochote. Angeweza kudanganya, Emmy alikuwa akidanganya tangu kwanza na shati lake halijachafuka. Odoi alinitazama kama hanijui.

"Ijumaa ile nyingine," akasema.

"Mama alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua."

Mlio ulitoka kwa wanawake, si wa kilio. Emmy aliuacha uende mpaka ukafika nyuma. "Mimi nilikuwa namkorogea mama uji," akasema, na sauti yake ikatetemeka vizuri sana. "Sukari ya uji ilitoka wapi? Proscovia, sema."

Msichana alitazama chini. Hakudanganya, maskini. "Ililetwa na Afande," akasema.

Nilipiga kelele. Nilisema yote, kamba ya nailoni, Jumatano, shati jeupe, mwenyekiti aliyecheka. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa palepale, akatazama viatu vyake. Mtu akauliza, "Huyu Mjaluo wa ng'ambo ni nani?" Mwingine akajibu kwamba ni mwanamke wa seremala, na hapo ushahidi wangu ukaisha. Wengine wakaanza kukumbushana kwamba Odoi alikuwa mwanajeshi, kwamba hulala amekaa, kwamba mke alimkimbia na hakusema sababu. Mambo ambayo walikuwa wakimtania nayo kwa miaka yaligeuka mbele ya macho yangu yakawa mashtaka.

Bonge la kwanza la udongo lilitoka kwenye rundo la kaburi. Sikuona aliyelirusha. Lilimpata begani, naye hakuinua mkono. Aliendelea kushika ubavu wa jeneza, akirudia, "Fungueni, fungueni tu muone," mpaka askari wawili waliokuwa wakiwalinda wageni wakubwa wakamzunguka na kumtoa. Waliniambia baadaye walifanya hivyo ili kumwokoa. Huenda. Kaburi lilifukiwa mvua ikianza, haraka haraka, na Emmy akashukuru kila mtu kwa jina.

Jumatatu nilimpelekea chai kituoni. Walinikagua chupa, wakanipa muda mfupi. Walikuwa hawajamshtaki kwa lolote, walisema wanachunguza, na huko nje mtu alikuwa ameshavunja mlango wa karakana na kuchukua randa na misumeno. Sikumwambia hilo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, uso umevimba upande mmoja. Nilimmiminia. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili kama siku zote, nikaanza kulia, na sikujaribu kujizuia.

"Walifungua?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo mengi, kwamba Nerima amenipigia simu, kwamba anauliza maswali sasa, kwamba pengine kuna njia ya kupata wakili. Yote ni kweli, lakini hakuuliza hayo.

"Hapana," nikasema. "Walimzika hivyo hivyo."

Akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Basi bado amekunja miguu," akasema. "Kwa sababu ya sanduku yangu."